Nichagulie bunduki, kaka

Simu ya mdogo wangu wa Pemba ilinikuta lindoni Kiwengwa, Unguja, isha imeshasaliwa, nami ndiyo kwanza nimekabidhiwa zamu. Hakuanza na salamu ndefu kama ilivyo kawaida yetu. "Kaka, jana wameingia tena. Majamvi mawili ya karafuu, hawakuacha hata konyo."

Msimu ule kilo moja ya karafuu za daraja la kwanza ilikuwa ikinunuliwa shilingi 14,000. Karafuu zimeshachumwa, zimeshachambuliwa, zimeshaanikwa siku nne na kuanuliwa kila wingu linapopita, kisha usiku mmoja zinaondoka. Asubuhi wachumaji wako mlangoni wanadai ujira wao, maana wao hawakuibiwa. Nilimsikiliza mpaka akamaliza kulaani. Halafu akasema alichopigia simu: "Wewe umepita jeshini, na kazi yako ni bunduki. Nichagulie bunduki, kaka. Nzuri, isiyokwama. Pesa nitatafuta."

Nilimwambia asubiri nitoke zamu. Nilikuwa na jibu, ila lilikuwa refu kuliko salio lake.

Silaha yangu ya kwanza ilikuwa SAR. Mwaka 1992, kidato cha sita kimekwisha, tulipelekwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, huko bara kwa mujibu wa sheria, sisi watoto wa visiwani tukachanganywa na wenzetu wa Songea na Bukoba, kwenye baridi ambayo magoti yangu hayajaisahau. SAR ni karabini khasa. Neno hilo maana yake ni bunduki fupi, iliyopunguzwa urefu imfae mtu anayepanda na kushuka, zamani mpanda farasi, siku hizi anayebanana ndani ya gari. Aliyeibuni ni Mrusi Sergei Simonov, na namba 45 iliyo kwenye jina la bunduki hiyo kwa Kirusi, SKS-45, ni mwaka 1945. Zetu zilikuwa za Kichina. Urefu wake mita moja na kidogo, uzito unakaribia kilo 4, na magazini yake, yaani kibebea risasi, haichomoki: unafungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, unazisukuma risasi 10 kwa kidole gumba kutoka kwenye ukanda wa bati, na kama kidole ni cha kuruta basi siku ya kwanza kinatoka damu.

Sote tulikuwa tukiitamani SMG, ile ya Kalashnikov, kwa sababu ina risasi 30 na ndiyo inayoonekana kwenye picha. Afande wetu hakuipenda tamaa ile. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, hatukani, jambo ambalo kule lilitutisha kuliko matusi. Siku moja alichomoa bolti ya SAR, akaileta karibu na sikio, akaitikisa kama mtu anayechagua nazi kwa kusikiliza maji. Kacha, kacha. Akampa kila mmoja aitikise. Ya pili aliyoitoa haikulia. "Hii," akasema, "itakuua wewe kabla ya adui."

Sababu yake ilikuwa hivi. Pini ya SAR, ile inayogonga fataki ya risasi, imekaa huru ndani ya bolti, wala haina springi ya kuirudisha nyuma. Bunduki zikitoka ghalani zimejaa grisi nzito ya kuhifadhia. Grisi ile ikibaki ndani ikakauka, pini inang'ang'ania mbele. Bolti ikijifunga tu, risasi inalipuka yenyewe bila kidole kugusa triga, inayofuata nayo vilevile. Wiki mbili baadaye, uwanja wa shabaha, mwenzetu mmoja alibonyeza mara moja zikatoka tatu, ya mwisho mtutu ukiwa umeshaelekea juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyecheka. Kosa lilikuwa la nani? Bunduki ilikuwa nzima, ya chuma kizuri, na duniani inasifiwa kwa kutokwama. Yeye hakuitikisa tu.

Hapo ndipo neno "bunduki nzuri" lilipoanza kunipa taabu, na mpaka leo linanipa.

Jambo la pili la afande yule lilikuwa birika. Tukitoka kupiga shabaha, wengine walikimbilia chakula, yeye alikuwa ameshaweka maji jikoni. Risasi nyingi za zamani fataki zake zimetengenezwa kwa kemikali ambayo ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inaita unyevu, unyevu unaita kutu. Mafuta pekee hayaiondoi, yanaifunika tu kama mwenye nyumba anayepaka chokaa juu ya ukuta wenye fukuto. Chumvi inaondoka kwa maji. Unamimina maji ya moto ndani ya mtutu, unapitisha kitambaa mpaka kinatoka kikavu, ndipo unapaka mafuta. Wa Songea walishangaa maji kwenye bunduki. Mie mtoto wa pwani nilielewa siku ileile. Nyumbani nimeona bati la jiko la mama linavyoliwa.

Nilirudi Unguja, nikahangaika miaka na kazi za hapa na pale, mwisho nikaajiriwa na kampuni moja ya ulinzi. Sitaitaja. Walinikabidhi shotigani ya kukoki kwa mkono, bunduki ya marisau, bore 12, pamoja na risasi tano zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Aliyenitangulia lindoni alinikabidhi kama anavyokabidhi jamvi la kukalia. "Iko sawa hiyo," akasema. Nikaamini. Nilikuwa nimefundishwa nisiamini, na bado nikaamini, kwa sababu ilikuwa nyeusi na nzito na ukiikoki inatoa ule mlio wa kutisha.

Miezi minane nilikesha nayo. Lindo lilikuwa mbele ya bahari, hatua chache tu kutoka mchangani, na kaskazi ikivuma unailamba chumvi midomoni. Nilikuwa nikiifuta kwa kanga kuukuu, nje, pale panapoonekana. Kisha siku moja tukachukuliwa kwenda kupima shabaha. Risasi ya kwanza ililia. Ya pili haikulia: kitako chake cha shaba kilikuwa kimeota kutu ya kijani na fataki imefumbata unyevu. Ya tatu ililia lakini ganda likakataa kutoka, limevimba, na kijino cha kulivutia kikalinyofoa ukingo. Pale nilikaa na bunduki iliyoziba mikononi, jua la saa tano linaniwakia, nikihesabu usiku niliokesha nikijiona nimelindwa. Mia mbili na zaidi. Ingekuwa rungu ningekuwa salama zaidi, kwa maana rungu halijifanyi kitu kingine.

Nilimwambia msimamizi kuwa risasi zimekufa. Akajibu kwamba za mwaka huo zimeshagawiwa. Basi nikafanya nililoweza: nikaomba chupa ya mafuta mepesi, nikaanza kuifungua kila Alhamisi, na zile risasi mbili zilizobaki nikazitoa kwenye nailoni, maana nailoni ndiyo iliyozitoa jasho. Nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, pamoja na kifurushi cha mchele mkavu. Mchele ule mke wangu aliudai siku nyingi.

Katika lindo hilohilo nilikutana na mgeni kutoka Texas, mzee, hapati usingizi kwa sababu ya tofauti ya saa. Saa 8 usiku alikuwa akija kukaa nami. Kiingereza changu cha skuli kilitosha. Aliiangalia shotigani yangu kwa jicho la fundi, akaniuliza naipiga mara ngapi kwa mwaka. Nilipomwambia mara moja, risasi tano, alinyamaza kidogo kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

Kwao mtu anaweza kwenda dukani akanunua karabini ya kulinda nyumba. Alinieleza yake kwa furaha, nami nilitaka kujua kila kitu. Ni ya ukoo wa ile AR-15, nyepesi, mtutu wake inchi 16, kama sentimita 40, kwa sababu sheria yao hairuhusu raia awe na raifo lenye mtutu mfupi kuliko huo mpaka apitie usajili mwingine. Ndani ya mtutu imepakwa kromu ili kutu na moto visiule haraka. Nikamuuliza, kwa hiyo mtutu wa kromu ndiyo siri? Akatikisa kichwa. Alisema watu wanagombana sana kuhusu kiwanda gani na alama gani, kisha wananunua magazini za bei rahisi, na magazini ndiyo inayokwamisha bunduki nyingi: midomo yake ikipinda kidogo au springi ikilegea, risasi inaingia kombo. Alikuwa na magazini kumi, akazipa namba kwa rangi, na namba 4 aliitupa kwa sababu ilikwama mara mbili. Hakuanza kuiamini karabini yake mpaka alipoipigia mamia ya risasi za aina ileile anayoiweka nyumbani, bila kukwama. Juu yake amefunga tochi na mkanda. Basi. Alikuwa na rafiki, akasema, ambaye yake imefungwa vikorokoro mpaka inafanana na mti wa Krismasi, na kuilenga shabaha hawezi.

Babu yake alikuwa na karabini nyingine kabisa, M1, ya askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, zile walizotengeneza zaidi ya milioni 6. Zilikusudiwa madereva, wapishi, watu wa simu, ambao raifo refu liliwazuia kufanya kazi yao na bastola hawakuweza kuilenga. Nililipenda lile wazo: kwanza wakamtazama mtu na kazi yake, ndipo wakachonga chuma.

Nikamuuliza swali ambalo mpaka leo nashukuru nililiuliza. Usiku huu, nyumbani kwako, umesikia mlango umevunjwa, unafanya nini kwanza? Nilidhani atasema anaichukua karabini. Alisema: namwamsha mke wangu, tunaingia chumba kimoja, tunafunga mlango, yeye anapiga simu polisi, mimi nakaa nyuma ya kitanda nikielekea mlangoni, na natumaini hafungui. Halafu akaongeza kwamba hata akifungua, kwanza atamulika amwone ni nani. Ana mjukuu wa kiume anayependa kurudi usiku bila kuaga.

Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipopanda meli kwenda Pemba, Ijumaa ya wiki ile. Mkoani, kisha gari mpaka Wete, kisha bodaboda hadi kwetu Mtambwe. Mdogo wangu alinipokea na karatasi. Ameandika majina ya bunduki, mengine ya kwenye filamu. Ya juu kabisa ilikuwa SMG.

"Hiyo futa," nikamwambia. "Na SAR usiiandike. Hizo ni silaha za kivita, raia hapewi kibali chake, na ukikutwa nayo karafuu utakuwa unazisikia harufu tu." Akaziandika tena za chini: raifo la kuwindia, shotigani, gobore. Nikamwambia kibali chochote kinaanza kwa watu wanaokujua, nawe sheha, kiongozi wetu wa mtaa, anakujua vizuri, ikiwemo siku uliyompiga mwenzio kofi kwenye mechi. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Sikutaka kumhutubia. Nilimwomba tutoke tukapime shamba. Kutoka jamvi la mwisho mpaka jiko la jirani, hatua 38. Mpaka njia ya msikitini, hatua 60. Upande mrefu kabisa wa shamba, na hapo unapita kwenye mikarafuu minene, haufiki hatua 200. Kitunga shabaha cha SAR kimeandikwa namba mpaka mita 1,000. Risasi yake inatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Nyumba ya jirani ni ya miti na udongo. Nilipiga ukuta kwa kiganja, likadondoka pande. "Huku nyuma analala nani?" nikauliza. Analala bibi wa jirani na wajukuu wawili.

"Basi shotigani," akasema. "Marisau hayafiki mbali."

Ana haki, na nilimpa haki yake. Marisau madogo yanapoteza nguvu mapema kuliko risasi ya raifo. Kwa shamba lililobanana, kama ingekuwa lazima bunduki, hiyo ndiyo ningeizungumzia. Lakini nilimuuliza ataiweka wapi. Nyumba ina watoto sita na mlango mmoja unaofungika. Akiifungia kabatini na risasi mbali, kama inavyotakiwa, basi mwizi akija atakuwa na dakika ngapi za kutafuta ufunguo gizani? Na akiiweka chini ya kitanda? Hakujibu. Kisha, risasi zake atazipima wapi, kila mwaka ngapi, kwa pesa gani? Nikamwonyesha picha ya lile ganda la kijani, maana nililipiga picha. Aliitazama muda mrefu.

Mama alikuwa ametusikia tangu mwanzo. Alikuwa barazani anachambua karafuu, kichala kwenye kiganja cha kushoto, cha kulia kinasukuma, karafuu huku, makonyo, vijiti vyake, kule, bila kutazama. Mwaka 2001, mwezi wa Januari, alikuwa Wete mjini siku ile milio ya bunduki za polisi dhidi ya waandamanaji ilipoanza, amekwenda kumtazama mgonjwa. Alirudi siku ya tatu. Hajawahi kutuhadithia. Tunachojua ni kwamba harusini wakipasua baruti yeye huingia ndani na kufunga dirisha, na hutoka akiwa na kisingizio mkononi, sahani au ungo.

"Wanangu," akasema, "karafuu zikiibiwa zitazaa tena mwakani."

Mdogo wangu alisema mama, si wewe unayedaiwa. Maneno yale hayakuwa mazuri na alijuta papo hapo, lakini yalikuwa kweli. Wachumaji walikuwa wakidai kwa kweli, na mtu aliyeibiwa mara mbili hawezi kuambiwa avumilie tu. Nisingependa mtu asome haya akadhani nasimulia jinsi mkubwa alivyomnyamazisha mdogo. Tatizo lake lilikuwa pale pale, na mie nilikuwa nimelikata jibu lake bila kumpa jingine.

Kwa hiyo tulianza upya, kwa njia ya yule mzee wa Texas: ukisikia, unafanya nini kwanza? Mdogo wangu alisema tatizo ni kwamba hasikii. Analala fofofo, amechoka, wezi wanakuja karibu na alfajiri. Basi kitu cha kwanza anachohitaji ni sikio. Mama, ambaye alikuwa hataki kutusemesha, alisema kwa upande kwamba zamani babu yetu alikuwa akifuga kanga. Tulipata wanne kutoka Konde. Wanalala juu ya mwembe, na mtu wasiyemjua akipita chini wanalia kama bawaba la mlango wa jela. Ubaya wao ni kwamba wiki ya kwanza walimlilia kila mtu, pamoja na imamu.

Cha pili, macho. Mdogo wangu alikuwa na tochi, na hapa nilijiona mimi mwenyewe lindoni. Ni ile yenye redio, king'ora, taa nyekundu na taa ya buluu, pamoja na kioo cha jua mgongoni. Niliiomba, nikaiwasha, ikawaka vizuri. "Iko sawa," akasema. Nikaitumbukiza kwenye ndoo. Alipiga kelele. Ilizimika kabla haijagusa chini.

Tulikwenda mjini Chake Chake kutafuta nyingine, na nilichosha wauzaji wawili. Sikuuliza inamulika mita ngapi, kila boksi limeandikwa uongo wake. Nilifungua kila kifuniko kutazama kama kuna mpira wa kuzuia maji, na kama springi ya betri ni ya shaba au ni waya uliopakwa rangi. Nilibonyeza swichi mara hamsini, muuzaji akinitazama kama mwendawazimu. Nilitaka swichi moja, mwanga mmoja, betri za kawaida zinazopatikana duka la kijijini, na nilichukua mbili zinazofanana, ili moja ikifa kilichobaki kiingie kwenye nyingine. Usiku ule tuliiacha ikiwaka mpaka ilipozimika yenyewe, tukaandika saa ubavuni kwa wino. Mdogo wangu alilalamika tumeua betri. Sasa anajua, wakati mimi lindoni sikujua.

Kisha tulifanya mazoezi. Namlazimisha mtu mzima kuamka saa 9 usiku kufanya mazoezi ya kuwasha tochi, ndiyo. Nilimwambia alale, nami nitapita shambani wakati nisiousema. Nilipokuwa bado nimejilaza najivuta, nikasikia kanga wanalia, mlango ukafunguliwa, na mwanga ukapiga jamvi la kati. Sikuwa mimi. Alikuwa mama, ameinama, anakunja jamvi gizani kwa sababu amenusa mvua. Alikinga uso kwa mkono. Mdogo wangu alizima tochi, akabaki amesimama mlangoni na shati lake la ndani. Mvua ilikuja kweli, nusu saa baadaye, na sote watatu tulikuwa tukibeba karafuu kuingiza ndani. Habari ya karatasi ya bunduki haikuzungumzwa tena, wala sijui aliitia wapi.

Kilichobaki kilikuwa kufuli la ghala, na hapa nilitumia pesa. La zamani lilikuwa la chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na kutu limeshalizibisha tundu, mpaka mdogo wangu alikuwa akilifunga kwa maonyesho tu, ukilivuta linafunguka. Tulinunua la shaba nzito, upinde wake mfupi na mnene usioacha nafasi ya kupenyeza nondo, funguo tatu. Funguo moja kwake, moja kwa mama, moja nimeondoka nayo mimi Unguja ili pawe na sababu ya kunipigia.

Mdogo wangu alikuwa ameshashika chupa ya mafuta ya kula, anataka kulimiminia. Nikamzuia. Mafuta yanashika vumbi la karafuu na mchanga, baada ya mwezi yanakuwa gundi, na tundu linaziba upya. Ni pini ya SAR ile ile, ikingojea. Kinachofaa ni unga mkavu. Nikamwita mtoto wake wa skuli aniletee kalamu ya risasi na wembe, nikakaa kizingitini nikaanza kuikwangua, unga mweusi unadondokea kwenye karatasi, kisha naupuliza taratibu ndani ya tundu la ufunguo, nafungua, nafunga, nafungua.

Mama alipita na ungo. "Unafanya nini hapo?"

"Naweka risasi, mama," nikasema.

Alisimama. Kisha akaiona kalamu. Akaniwekea ungo mapajani, umejaa vichala vya karafuu, akasema nikimaliza kuweka risasi zangu nimchambulie na hizi.